Mkeka na Sufuria

Hotuba ya Katibu wa Chama cha Msingi, Mohoro, iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Ukumbusho wa Miaka Kumi ya Chama Kikuu

 

Barua ya kutualika kusema hapa ilitutaka tuzungumze juu ya "Nafasi ya Mwanamke katika Ushirika" kwa muda wa robo saa. Tuliisoma barua hiyo mara mbili, tukaikunja, tukaifunga penye pindo la khanga, kisha tukakaa siku tatu tukitafuta maneno makubwa yanayostahili kichwa kikubwa namna hiyo. Maneno hayakuja. Kilichokuja ni harufu ya wali unaoungua. Basi twaomba ruhusa ya Bwana Mwenyekiti tukiache kichwa kile mahali pake, nasi tuseme juu ya jambo dogo tulijualo kwa kulitenda: namna mtu mmoja awezavyo kushona mkeka na kupika chakula cha jioni katika saa zile zile, kwa mikono ile ile miwili, asiachwe na mumewe wala asilaumiwe na wanawe.

Kabla ya kuendelea, tukisema "sisi" msidhani twajikweza kama masultani. Tulipoanza kazi tulifundishwa kwamba katibu haandiki "mimi" katika kumbukumbu za mkutano, na mazoea hayo yamekwisha kutufuata hata nyumbani. Baba watoto husema kwamba siku tuliyomwambia "tumekubali kuolewa" alichungulia nyuma yetu kuona wengine wako wapi.

Sisi tulizaliwa Mohoro, tukasoma hata tukamaliza kidato cha nne, na tangu hapo kazi yetu ni daftari: kilo za korosho, kilo za ufuta, makato, stakabadhi, malipo. Kutwa twahesabu mali ya watu wengine. Jua likianza kuinama, macho yakiwa yamechoka kwa tarakimu, ndipo vidole vinapoamka. Wanaume wa hapa, saa hiyo ikifika, huenda barazani kucheza bao, wala hatujasikia mtu akiwauliza bao lile limetoa magunia mangapi. Sisi twashona mikeka. Hatukuanza kwa ajili ya fedha. Bibi yetu mzaa mama alitukalisha chini tungali wadogo, akatupa chane chache za ukindu, akatuambia tusiinuke mpaka zifanane na ukili. Tuliinuka usiku, na ukili wenyewe ulifanana na mkia wa panya. Walakini tangu siku ile mikono yetu haikutulia tena.

Kwa ajili ya wageni waliotoka mbali, ambao labda mkeka kwao ni kitu kinachoonekana sokoni kimekwisha kukunjwa, hatuna budi kueleza kidogo. Mkindu ni mti wa jamaa ya mtende. Humea penye unyevu, kandokando ya mito na mabwawa, na nchi yetu ya Rufiji ina unyevu wa kutosha kuwagawia majirani. Hukatwa majani machanga ambayo bado hayajafumbuka. Wanawake huyaendea kwa makundi, maana mtoni mna mamba na viboko, na porini mna jambo ambalo Rufiji haijalisahau: kati ya mwaka 2002 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 30 katika wilaya hii. Majani huanikwa juani mpaka yakajikausha, huchanwa kuwa chane nyembamba, na zile zitakazotiwa rangi huchemshwa katika sufuria. Zamani mizizi ya mdaa ndiyo iliyotoa rangi nyeusi. Siku hizi hununuliwa rangi ya unga dukani, ya kijani, ya zambarau na nyekundu. Tafadhali ikumbukeni sufuria hiyo, maana tutairudia.

Chane zikiwa tayari husukwa kuwa ukili, yaani utepe mrefu mwembamba. Hapa ndipo wageni wengi wanapochanganya mambo. Kusuka ukili na kushona mkeka ni kazi mbili zenye tabia mbili, kama ndugu wa baba mmoja wasiofanana. Ukili hauna kiburi. Husukwa mtu akitembea, akizungumza, akimbembeleza mtoto, hata akisikiliza taarifa ya mweka hazina. Na Bwana Mwenyekiti akitazama safu ya nyuma sasa hivi ataona mikono kadhaa yenye shughuli ambayo si ya kuandika. Ukili ni rafiki wa jiko: mtu huketi penye mafiga, vidole vikasuka, macho yakatazama moto. Lakini kushona ni jambo jingine. Kushona kwataka sakafu yote ya chumba. Ukili hulazwa kando ya ukili, ukingo kwa ukingo, sindano ikapita huku na huku, na nakshi za huu sharti zikutane na nakshi za ule. Ukikosea nakshi moja, kosa hilo litakutazama kila ulalapo, mpaka mkeka uchakae. Kushona kwataka macho yote mawili, mikono yote miwili, na nuru. Na sufuria ya wali nayo yataka vitu vivyo hivyo.

Sisi makatibu hatuwezi kuona kitu tusikitie hesabu. Mkeka wa urefu wa mita 1.8 na upana wa mita 1.2, ukishonwa kwa ukili wenye upana wa sentimita 5, hula ukili wa mita 43 na ushei, ambazo ni kama pima 24. Mishono ya kuziunganisha kili hizo ni mita 41. Nyumba yetu, tangu mlango wa mbele hadi uani, ni mita 10. Kwa hiyo kila mkeka mmoja sindano yetu husafiri nyumba nzima kwenda na kurudi mara mbili, kwa mwendo wa ukucha.

Sasa tutazame saa. Ofisi hufungwa saa tisa u nusu. Jua huchwa baada ya saa kumi na mbili. Katikati mna saa mbili na nusu au zaidi kidogo za nuru isiyolipiwa, na ndani ya saa hizo sharti kuni zichanjwe, mchele upepetwe na kuchaguliwa, nazi ikunwe, tui likamuliwe na kuchujwa, na samaki aparwe. Hiyo ndiyo saa ya sufuria, na hiyo hiyo ndiyo saa ya mkeka. Baada ya hapo kuna kurunzi ya simu, lakini nakshi za zambarau na za kijani katika mwanga ule ni kitu kimoja, nasi tumekwisha kufumua mishono mingi asubuhi kwa kuiamini kurunzi.

Tena chakula chetu huliwa mkekani. Mkeka ndio meza yetu na viti vyetu. Ilitokea mara nyingi wali ukaiva, watoto wakanawa, mama mkwe akajisogeza, na mahali pa kutandika mkeka wa kulia pakawa pamekaliwa na mkeka usiokwisha, nasi tumepiga magoti juu yake, sindano mkononi, tukisema, "Mshono mmoja tu." Mshono mmoja tu! Katika lugha ya washonaji maneno hayo hayahusiani na hesabu. Watoto walikula wamesimama uani kama askari walio safarini, kwa sababu chombo cha kulia juu yake kilikuwa bado kinatengenezwa.

Hayo ni pale wali ulipoiva vema. Ninyi nyote mwajua kwamba wali ukikauka maji hupaliwa: makaa hutiwa juu ya kifuniko na moto wa chini hupunguzwa. Kutia makaa juu hatukusahau hata siku moja. Kupunguza moto wa chini ndiko kulikotushinda, maana baina ya tendo la kwanza na la pili tulikuwa tukienda ndani "kutazama tu" mkeka. Watoto wetu wapenda ukoko kama watoto wote wa pwani, lakini kijana wetu mdogo alipata kutuuliza, kwa adabu kamili, kama siku moja angeweza kupewa na wali kidogo pembeni ya ukoko wake.

Na ile sufuria ya rangi? Siku moja alikuja mgeni, afisa aliyetumwa kukagua vitabu vya Chama, naye tukamkaribisha kwa chakula kama ilivyo desturi. Penye mafiga palikuwa na sufuria mbili, moja ya wali na moja ya ukindu uliokuwa ukichemka katika rangi ya zambarau, na kati yake palikuwa na mwiko mmoja. Hatuna haja ya kueleza zaidi. Kifuniko kilipofunuliwa mbele ya mgeni wali ulikuwa na mistari, kama kitambaa cha kikoi. Mgeni alitazama kitambo, kisha akasema kwa upole, "Mama Katibu, huu ni mpunga wa mbegu mpya?" Baba watoto akamjibu bila kupepesa macho, "Ndiyo, bwana, lakini bado uko katika majaribio." Hatukumwacha auonje. Alikula mihogo ya kuchoma na samaki, na hesabu za mwaka ule zilipita bila dosari. Twalitaja hilo ili mjue kwamba mwiko uliochanganya ni ule wa jikoni tu.

Baba watoto si mtu wa makelele. Usiku ule, mgeni alipokwisha kwenda kulala, alisema neno moja tu: "Mlo wa jioni wa nyumba hii ungekuwa mwanachama wa Chama chenu, ungekwisha kujitoa." Kisha akaukunja mkeka uliokuwa nusu, na sindano yake ndani, akauweka juu darini. Hakusema umepigwa marufuku. Alisema ungoje.

Ulingoja siku kumi na moja. Katika siku hizo wali ulikuwa mweupe, laini, wenye chumvi ya kadiri, nao uliliwa kwa wakati wake, na nyumba ilikuwa kimya kama nyumba iliyopata taarifa ya msiba. Tulisuka ukili mpaka ukajaa kapu. Tulijifunza kwamba mtu aweza kushiba na bado akawa na njaa ya mikono. Hatulisemi hili kwa mzaha, mabwana. Kutwa tunapohesabu kilo za watu, hakuna kitu kimoja mwishoni mwa siku ambacho tungeweza kukinyooshea kidole tukasema: hiki kimetoka kwetu. Mkeka ndio ulikuwa kitu hicho.

Siku ya kumi na moja mama mkwe aliita mkutano. Tuliandika kumbukumbu, kwa kuwa mazoea ni sheria. Waliohudhuria: mama mkwe, mwenyekiti, baba watoto, sisi, katibu, binti yetu wa kidato cha pili, na kijana wetu mdogo, mtazamaji. Hoja ilikuwa moja. Baba watoto alisimama akasema kwamba kazi ina mahali pake na starehe ina mahali pake, na kwamba tumbo halijui nakshi. Nasi tukataja bao. Alijibu kwamba bao halikunjwi likazuia njia ya kwenda uani. Tukasema mkeka huuzwa. Akauliza huuzwa shilingi ngapi, nasi, tuliozoea kujibu swali la namna hiyo kwa kila zao, hatukuwa na jibu, kwa sababu hatukupata kuliandika.

Tulidhani mashindano ni baina ya watu wawili. Ndipo binti yetu alipoomba ruhusa ya kusema. Alisema kwamba siku zile tulizokuwa tukisahau moto, yeye ndiye aliyekuwa akiupunguza. Siku zile nazi zilipokunwa bila sisi kukumbuka kuzikuna, yeye ndiye aliyezikuna. Na saa hiyo ya nuru, ambayo sisi twaiita saa ya mkeka, kwake yeye ni saa ya kufanya hesabu alizopewa shuleni, nazo hazikufanywa. Hakulia wala hakunung'unika. Alisema kama mtu asomaye taarifa.

Ndugu wanachama, sisi tulikuwa tukidhani kwamba saa zetu za kushona twaziiba katika wali. Kumbe twaziiba katika daftari la mtoto. Wali ulioungua mtu huunusa hata akiwa barabarani. Hesabu ambazo hazikufanywa hazina harufu. Twakiri kwamba kalamu yetu ya ukatibu ilisita kuyaandika maneno yale, lakini tuliyaandika, nayo yamo hata leo katika daftari lile, ukurasa wa kwanza.

Baba watoto naye alinyamaza. Alikuwa karibu kusema kwamba basi jambo limekwisha, mkeka ubaki darini, wakati mama yake alipomgeukia. Mama mkwe wetu ni mtu wa maneno machache. Alimwuliza, "Mwanangu, huko dagoni, mnapokaa majuma matatu mkivua, nani huwapikia?"

Kwa wasiolijua neno hilo, dago ni kambi ya wavuvi, nao wavuvi wetu huhamia huko katika visiwa vya delta, wanaume watupu. Hakuna mwanamke. Wala hatujasikia mvuvi aliyefia dagoni kwa kukosa wali. Tena wakati wa kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, mwanamume hukaa peke yake katika dungu usiku na mchana, na asubuhi chini ya dungu lake huonekana majivu, sufuria na mifupa ya samaki. Baba watoto alitafuta jibu juu darini, mahali mkeka ulipokuwa, halikuwapo. Akasema, "Twapika wenyewe, mama." Mama mkwe akasema, "Basi mkutano umefungwa."

Zamu zilibandikwa mlangoni. Jumanne na Jumamosi ni za baba watoto anapokuwa pwani. Alhamisi ni ya mama mkwe, aliyeitaka mwenyewe. Siku nyingine ni zetu, na siku zetu sindano hairuhusiwi kuonekana kabla ya sahani kuoshwa. Binti hakuandikwa popote mpaka siku za likizo. Jumanne ya kwanza tulikula ugali ambao ungeweza kutia nanga jahazi, pamoja na samaki aliyechemshwa kwa chumvi na ndimu, na samaki yule, tuseme kweli, alitushinda sisi sote katika nyumba ile. Wenzake wa barazani walimcheka kwa muda wa mwezi mmoja. Mwezi wa pili mmoja wao alikuja kwa mlango wa uani kumwuliza ndimu hutiwa kabla au baada.

Tungependa hadithi iishie hapo, lakini Rufiji haijui kuishia mahali pazuri. Mafuriko kwetu si mgeni. Wazee wetu walilima kwa kuyafuata, wakapanda mlau katika ardhi ambayo maji yaliiacha, na baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 watu wengi wa bondeni walihamishiwa nchi ya juu. Lakini maji ya mwezi wa Aprili 2024 hayakuwa ya kulimia. Yaliingia Mohoro usiku na mchana, nyumba kwa nyumba, na mashamba ya mpunga yakawa ziwa.

Sisi tulikuwa na vitabu vya Chama. Daftari la wanachama, leja, stakabadhi za msimu: mali ya watu mia na zaidi iliyokuwa katika karatasi tupu. Tulivitia ndani ya mifuko miwili ya nailoni, tukavizungushia mkeka uliokuwa sakafuni, ambao ulibakiza kili sita kukamilika, tukaufunga kwa uzi wake wenyewe. Mtumbwi ulikuwa umejaa: mama mkwe, watoto, nguo, gunia moja la mchele. Palibaki nafasi ya kitu kimoja. Baba watoto alisimama majini mpaka kiunoni, mkono mmoja umeshika mkeka ulio na vitabu ndani, mkono wa pili umeshika sufuria kubwa ya wali. Hatukumwambia neno. Aliiachilia sufuria, nayo ikaelea kidogo, ikazunguka, ikaenda zake kuelekea baharini.

Kule kwenye mwinuko, chini ya maturubai, hatukuwa na sufuria, kwa hiyo tulikula kwa wenzetu, na wenzetu kwa wenzao, mpaka ikawa kila watu wa nyumba sita au saba wana sufuria moja na zamu moja. Kila mwanamke alipika mara moja kwa siku kadhaa. Siku nyingine zote mikono yake ilikuwa mitupu, na watu walikuwa wakilala juu ya udongo. Basi tulishona. Ukindu mwingine ulikuwa umelowa, mwingine umeokolewa kwa kichwa, na rangi hazikuuliza zinakutana na nani. Mkeka ule wetu ulikwisha kwa jioni nne, mkeka uliokuwa umetushinda kwa miezi miwili. Vitabu vilitolewa, vikawekwa katika sanduku. Mkekani walilala watoto watano kwa kupingana. Una doa la matope penye kona hata leo, na ndio uliotandikwa mbele ya meza hii ambayo Bwana Mwenyekiti ameweka miguu yake.

Tuliporudi Mohoro tulifanya jambo ambalo ingetupasa kulifanya zamani: tulifungua daftari la mikeka. Mkeka wa kwanza tulioushona baada ya kurudi, tuliuandikia kila kitu. Ukindu, rangi, uzi, sindano moja iliyovunjika, na jioni 31. Mchuuzi alikuja mlangoni kama kawaida yake, akautazama, akautikisa, akatoa bei. Hatumlaumu, naye ana nauli na ana watoto. Lakini tulipoigawa bei ile kwa jioni zile, baada ya kutoa gharama, tuliona kwamba kila jioni ilikuwa imetupatia fedha isiyotosha nazi moja. Mwaka uliotangulia, jioni kama hizo tulizilipia kwa masomo ya mtoto.

Mabwana, sisi hapa twajua dawa ya jambo hili, maana tumekwisha kuitumia kwa zao jingine. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza Mtwara kwa korosho mwaka 2007. Kabla ya hapo mkulima alikutana na mnunuzi peke yake, mlangoni, na kibaba cha mnunuzi. Leo mtu anunuaye korosho kwa siri mlangoni huitwa mtu wa kangomba, na jina hilo si la sifa. Chama hiki hukusanya, hupanga madaraja, huandika, na mnunuzi huja mnadani mchana kweupe. Lakini mkeka wa Rufiji bado ni wa kangomba. Umeshonwa na mke wa mwanachama, au na mwanachama mwenyewe, au na katibu wa Chama, nao hutoka kwa mlango wa uani.

Mji wetu wajua maana ya zao kuchaguliwa na watu wengine. Wadachi waliufanya Mohoro makao ya utawala wao, na ni hapa, tarehe 4 Agosti 1905, walipomnyonga Kinjikitile Ngwale, katika siku zile zile ambazo vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi kwa kung'olewa miche ya pamba. Pamba ile watu walilazimishwa kuilima. Mkeka hakuna aliyelazimishwa kuushona, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyeona haja ya kuuandika. Lakini daftari la leo si la Wadachi. Ni letu, nasi ndio tulio na kalamu.

Ombi letu ni dogo kuliko hotuba yetu. Katika leja ya Chama upande wa mazao iongezwe safu moja. Katika ghala itengwe kona moja kavu. Siku moja kila mwezi mikeka ipokewe, ipangwe madaraja kwa mshono na kwa nakshi, iandikwe kwa jina la aliyeishona, si la mume wake, na iuzwe kwa pamoja. Mjumbe mmoja mzee alikwisha kutuuliza kwa mashaka mkeka una kilo ngapi. Mkeka, mzee wetu, haupimwi kwa kilo. Hupimwa kwa pima, na pima ni mikono ya mtu aliyeinyosha yote miwili. Mizani ya namna hiyo Chama kinayo tayari, wala haihitaji kukaguliwa kila mwaka na wakala wa vipimo.

Bwana Mwenyekiti, robo saa yetu imekwisha zamani, na twaona kwamba jua limeinama. Leo ni Jumamosi, zamu ya baba watoto, naye alituagiza tusirudi bila nazi mbili na ndimu. Twaomba ruhusa kuondoka kabla duka halijafungwa. Mkeka huo ulio chini ya miguu yako twauacha kwa Chama, ila twaomba uchunguzwe vema kabla mtu hajaketi, maana ile sindano ya Aprili hatujapata kuiona.